Chai ya saa kumi Ngana: mchele tunao, kitafunwa tunanunua

Ngana ni kata ya mpakani, magharibi mwa Wilaya ya Kyela, na kwa mtu anayependa chai ni mahali penye bahati kubwa. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Karonga, Malawi, nchi iliyo miongoni mwa za kwanza barani Afrika kulima chai ya biashara, huko kusini kwake Thyolo na Mulanje, mwishoni mwa karne ya 19. Ukigeuka kaskazini na kupandisha milima unafika Rungwe, ambako chai ilipandwa tangu enzi za Wajerumani na ambako majani mabichi yanachumwa hadi leo Kyimbila, Katumba na Mwakaleli. Katikati, huku bondeni, kuna mchele wa Kyela unaonukia kabla sufuria haijafunuliwa, ndizi za kila namna, mawese, kakao, na usipa wa Ziwa Nyasa. Pamoja na utajiri wote huo, ikifika saa kumi alasiri sinia linalotoka jikoni mara nyingi lina kitu kimoja: andazi la ngano lenye sukari, pembeni ya chai yenye sukari.

Andazi sina ugomvi nalo. Likiwa la moto, limeumuka vizuri na lina harufu ya iliki, ni kitu kizuri. Ila ngano haioti katika joto la Kyela. Hapa nchini inalimwa nyanda za baridi, na kinachovunwa hakikaribii mahitaji, kwa hiyo sehemu kubwa ya unga tunaokanda imepita baharini kabla ya kufika dukani. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda dunia nzima, na mwanamke anayekaanga maandazi kando ya barabara ya vumbi aliuhisi mshtuko huo kwenye karai lake. Jirani yake alikuwa na magunia ya mpunga ndani.

Hilo ndilo linaloniuma. Tunauza mchele mzima Mbeya na Dar es Salaam, tunabaki na chenga, kisha tunachukua fedha ya mchele kununua unga wa ngano ili mgeni apate cha kutafuna.

Na mgeni wa saa kumi ni wa kuheshimiwa. Chai ya asubuhi hunywewa kwa haraka, jembe likiwa limeegemea mlangoni. Ya saa kumi ni ya watu. Ziwa liko chini, mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana la bonde hili linamchosha hata asiyefanya kazi. Alasiri linaanza kulegea. Aliyekuwa majarubani amerudi na kuoga. Aliyekuwa akipasua kakao amekwisha kuzifunika mbegu kwa majani ya mgomba ili zivundike. Mkeka unatandikwa chini ya mwembe. Jirani anapita, anaamkiwa "mwaghonile", na akishaitikia hawezi tena kuendelea na safari yake kabla hajaketi.

Desturi hii ni kongwe kuliko majani ya chai yenyewe. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti Unyakyusani kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu, Good Company, juu ya vijiji vya rika. Walikuta wavulana wakihama nyumbani kwa wazazi wakiwa bado wadogo, umri wa miaka 10 au 11 hivi, wakajenge vibanda vyao pamoja na wenzao wa umri mmoja. Chakula walikifuata kwa mama zao, lakini hawakukila kila mmoja kwao. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wakikua, waliendelea kula na kuzungumza pamoja kama wanarika, na mtu aliyependa kula peke yake alitiliwa shaka. Vijiji vya rika vimekwisha, lakini nikiona vijana wa Ngana wamezunguka birika moja, kila mmoja akimmegea mwenzake, naona malezi yaleyale.

Kisha ikaja dini, nayo ilikuja na mkate. Wamoravian walifungua kituo Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1894 wakateremka hadi Ipyana, hapa Kyela. Watu hawa walikuwa na karamu yao ya upendo, iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani. Tarehe 13 Agosti 1727, baada ya ibada ya ushirika wa Meza ya Bwana, waumini walikaa makundi makundi bila kutaka kuachana, na mwenyeji wao, Nikolaus von Zinzendorf, akawapelekea chakula kutoka nyumbani kwake ili waendelee na mazungumzo. Tangu hapo Wamoravian duniani wamekuwa wakigawana kanisani mkate mdogo wa mviringo na kikombe cha chai au kahawa. Haikuwa karamu ya shibe. Ilikuwa ya kukaa pamoja. Sidhani kama kuna watu waliokuwa tayari kuielewa desturi hiyo kuliko Wanyakyusa.

Waingereza nao wana chai yao ya alasiri, na inasimuliwa kwamba aliyeianzisha, mnamo miaka ya 1840, ni Anna, mke wa Duke wa Bedford, kwa sababu njaa ilimuuma katikati ya chakula cha mchana na cha usiku. Nataja jambo moja tu katika meza yao: vitu vya chumvi hutangulia. Kwanza huliwa vipande vya mkate vyenye tango, yai au samaki, na keki hungoja mwisho. Sisi tulirithi saa ya chai kutoka kwa maofisa wao, tukarithi na sukari, ila ule mpangilio wa kuanza na chumvi haukutufikia.

Pwani walikwisha kulitatua jambo hili zamani. Alasiri ya Unguja au Mombasa ina sambusa, kachori, katlesi, kababu na bajia za kunde. Nyingi hukaangwa, lakini jiko la pwani linajua kuoka pia. Mkate wa mofa, ambao asili yake ni unga wa mtama, hubandikwa ukutani ndani ya tanuri la udongo. Mkate wa ufuta hugeuziwa moto juu ya makaa pamoja na chuma chake. Na kuna viwili ambavyo mtu wa Kyela anapaswa kuvitazama kwa makini, kwa kuwa vyote ni vya mchele: vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele na samli, na mkate wa kumimina, ambao mchele uliolowekwa husagwa na tui, ukatiwa hamira na kuokwa kwa moto wa juu na chini. Vyote viwili ni vitamu, vya sukari. Lakini mchele haukuandikiwa sukari.

Upande wa pili wa mto nako kuna fundisho. Malawi wana chikondamoyo, mkate wa unga wa mahindi na ndizi mbivu zilizopondwa, unaookwa ndani ya sufuria yenye makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko. Hauhitaji oveni wala umeme. Watu wa Ngana na wa Karonga ni ndugu, Wanyakyusa na Wangonde, lugha zao zinasikilizana, na Songwe wenyewe umekuwa ukihama mkondo nyakati za mafuriko bila kuuliza mpaka uko wapi. Mbegu pia huvuka. Mchele unaosifiwa sana Karonga huitwa Kilombero, jina la bonde letu la Morogoro. Kama mbegu imevuka kwenda, namna ya kuoka inaweza kuvuka kuja.

Kwa hiyo mkate ninaoupendekeza kwa saa kumi ya Ngana umetokana na ndugu hao wawili, mkate wa kumimina wa pwani na chikondamoyo ya Malawi. Nauita mkate wa chenga, na ni wa chumvi.

Chukua nusu kilo ya chenga. Usinunue mchele mzima kwa kazi hii, ni hasara, na chenga zinalowana upesi zaidi. Zioshe mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, uziloweke usiku kucha. Asubuhi zichuje vizuri. Mwenye umeme na blenda azisage pamoja na tui au maziwa ya uvuguvugu, vikombe viwili hivi, akiongeza kidogo kidogo. Asiye na blenda atwange kinuni na kuchekecha, kama mama zetu walivyofanya kwa vitumbua, kisha achanganye. Unataka uji mzito unaoshuka taratibu kutoka kwenye upawa. Ukiwa mwepesi mno, mkate utakuwa na tabaka la maji chini na povu juu.

Tia kijiko kimoja cha chai cha hamira na nusu ya ndizi mbivu iliyopondwa. Ndizi hiyo ni kwa ajili ya hamira, maana hamira ni kiumbe hai kinachokula sukari na kutoa hewa, na mkate huu hatuutii sukari. Katika joto la Kyela utaumuka upesi, pengine saa moja na nusu inatosha, kwa hiyo usiondoke ukaenda gulioni. Hapa ndipo mchele unapotofautiana na ngano. Ngano ina protini ambazo zikikandwa hushikamana na kuvutika, ndiyo gluteni, zikaifungia hewa ndani. Unaweza kuliacha donge, likaporomoka, ukalikanda upya. Mchele hauna utando huo. Hewa ikishatoka imetoka. Basi uoke mara tu uso unapojaa vipovu na kabla haujaanza kuzama. Ndizi moja mbichi iliyochemshwa na kupondwa laini, ikichanganywa na uji kabla ya kuumuka, inausaidia mkate kushikana na kubaki na unyevu. Ndizi hazitukosi.

Wakati unasubiri, shughulikia usipa. Kikombe kimoja cha usipa mkavu kinatosha. Ondoa vichwa, osha kwa maji ya moto, kisha ukaushe juu ya moto bila mafuta mpaka uvunjike kwa vidole. Kaanga vitunguu viwili kwa vijiko vitatu vya mawese, moto mdogo, vilainike bila kuungua. Mawese ya Kyela yana ladha ya kusikika na rangi itakayougeuza mkate mzima kuwa wa dhahabu. Pia yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, jambo lenye maana kwa watoto. Tia bizari kidogo, pilipili mbuzi iliyokatwakatwa, majani ya vitunguu, kisha usipa. Onja kabla ya kutia chumvi, kwa kuwa usipa mwingine huanikwa ukiwa na chumvi yake.

Uji ukishaumuka, piga mayai mawili, uyachanganye nao taratibu pamoja na mchanganyiko wa usipa. Sasa moto. Sufuria iwe nene na iwe imepashwa na kupakwa mafuta kabla ya kumimina. Uji ukikuta chuma kimepoa unakaa chini na kuganda kama ugali. Makaa ya chini yawe machache, yaliyokwisha kufunikwa na majivu. Palia makaa mengi juu ya mfuniko, karibu theluthi mbili ya makaa yote. Sababu yake ni kwamba chini mkate unagusana na chuma, moto mdogo unatosha kuuchoma, ilhali juu kuna nafasi ya hewa ambayo joto linapaswa kuivuka. Baada ya nusu saa funua, chomeka kijiti. Kikitoka kikavu, epua. Kikitoka na uji, rudisha kwa dakika kumi zaidi, na uongeze makaa ya juu tu.

Kwa chombo, nina mapendeleo. Wakisi wa Ikombe, mwambao wa kaskazini-mashariki mwa ziwa, hufinyanga vyungu ambavyo ni fahari ya eneo hili. Wanawake ndio mafundi, na vyungu husafirishwa kwa mitumbwi kwenda soko la Lyulilo, karibu na Matema, siku za Jumamosi. Chungu hupata moto polepole na kuuachia polepole, na huko kuchelewa ndiko kunakofaa kwa mkate usio na gluteni ya kuubeba. Kipashe moto taratibu na usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto, kitapasuka. Sufuria ya alumini nyepesi ni ya mwisho katika orodha yangu. Inaunguza chini kabla juu hakujajua kuna moto.

Mkate huo ukishatoka, ukate vipande vyembamba ukiwa umepoa kidogo. Harufu yake ni ya mchele kwanza, kisha kitunguu, kisha ziwa.

Asiyekula samaki atie kunde zilizochemshwa na kitunguu, au matembele yaliyokaushwa maji. Vileja vya chumvi navyo vinawezekana: unga wa mchele, samli au mawese, yai, bizari na mbegu za ufuta, viokwe mpaka pembe zibadilike rangi. Sambusa za usipa zinaweza kuokwa badala ya kukaangwa, zikipakwa mafuta juu, ingawa manda yake yatakuwa ya ngano na hapo tunarudi tulikotoka.

Na chai? Wakulima wadogo wa Rungwe wana historia yao. Serikali iliunda Mamlaka ya Chai mwaka 1968 kuwasaidia wakulima wadogo, na baada ya ubinafsishaji wakulima hao, kupitia chama chao cha RSTGA, wakawa wabia katika kampuni ya Wakulima, yenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Rungwe na Kyela zilikuwa wilaya moja zamani. Jani la chai hiyo na chenga ya mpunga wetu vimelelewa na mvua ileile inayopandishwa na ziwa na kugonga milima, mvua ambayo mwezi wa Aprili huwafanya watu wa Kyela kutembea na miavuli kama sehemu ya mavazi. Kwa mkate wa chumvi naona chai ya rangi inafaa kuliko ya maziwa: majani, tangawizi iliyopondwa, mchaichai kutoka uani, sukari kidogo sana au bila. Ulimi uliokwisha kupata chumvi na pilipili haudai sukari nyingi. Hilo peke yake ni jambo jema katika nchi ambayo kisukari kimeacha kuwa ugonjwa wa matajiri. Chumvi nayo ina kikomo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, nayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Ndiyo maana naacha usipa na kitunguu vifanye kazi kubwa ya ladha.

Kuna tahadhari nyingine inayostahili kusemwa wazi. Chai nzito ina tanini, nazo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, hasa yale yanayotoka kwenye nafaka, kunde na mboga. Kwa mama mjamzito na mtoto mdogo, ambao upungufu wa damu unawawinda, ni heri kula mkate huu na maji au maziwa, na kama chai ni lazima, ingoje kama saa moja baada ya kula. Watoto wengi vijijini hupewa chai ya rangi na kipande cha kitafunwa kama mlo kamili. Si mlo. Wakipewa kipande chenye samaki na mayai, angalau kuna cha kujenga mwili.

Mahali pa kuujaribu mkate huu kibiashara si mbali. Kasumulu, kwenye mpaka, malori husubiri kuvuka, madereva wana muda na njaa, na mama lishe wanawauzia wali, chapati na maandazi. Dereva aliyekaa kwenye joto siku nzima anataka kitu cha chumvi kuliko anavyotaka sukari. Chenga zinapatikana kwenye mashine za kukoboa kwa bei ya chini kuliko mchele, usipa unapimwa kwa kisado sokoni, na majani ya mgomba ya kufungia hayanunuliwi. Hesabu ya moto ndiyo ya kuangalia, kwa sababu mkaa ni ghali; anayeoka aoke sufuria mbili zikifuatana juu ya makaa yaleyale, na jiko la sufuria ya pili litakuwa limepata joto tayari.

Mkate wa mchele haukai kama wa ngano. Wanga wake ukipoa hukaza, na kesho yake unakuwa mgumu. Kwa hiyo muuzaji aloweke chenga usiku, asage asubuhi, atie hamira adhuhuri, apalie moto saa nane mchana ili saa kumi mkate uwe bado na uvuguvugu. Vilivyobaki visitupwe. Vikatwe vipande, vichomwe asubuhi juu ya makaa kwa dakika chache kila upande. Vikipata moto vinalegea tena ndani, huku nje vikiwa na ukoko mkavu, na vinaliwa na chai ya asubuhi kabla ya kwenda majarubani.